Mkonga Juu ya Shimo la Ndizi

Tusajigwe alizaliwa na maneno. Mama yake alikuwa mama lishe karibu na stendi ya Kyela mjini, na mtoto aliyekulia chini ya meza ya mama lishe husikia habari za Mbeya kabla basi lililozibeba halijashusha abiria: nani kamwacha nani, nani kachanganya mchele mpya na wa zamani, mwanakwaya gani kanuna na kwa nini. Akakua na mdomo mwepesi, cheko la karibu, na jicho linalotambua kitenge cha kuazima kikiwa bado kiko mbali. Watu kama hao ndio wanaoifanya harusi iwe harusi.

Sasa mtu wa namna hiyo akaolewa kijijini Ngonga, na mwana wa Mzee Hezroni.

Mzee Hezroni hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kanisa, mkulima wa mpunga na kakao, na enzi za ujana wake aliendesha malori. Ila kuna mila moja ya Wanyakyusa aliyoishika kama dereva anavyoshika usukani kwenye mteremko: mke wa mwanao na wewe hamwonani. Mkwe hakai mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hamsemeshi, wala jina lake halitamki. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anajitosa kwenye migomba mpaka mzee apite. Na mzee naye akijua mkwe yuko upande fulani wa nyumba, upande huo haukanyagi. Siku hizi wengi wamelegeza. Kule mjini utamkuta mkwe na baba mkwe wanagombania rimoti. Kwa Mzee Hezroni, hapana. Baba yake aliishi hivyo, babu yake aliishi hivyo, na yeye hakuona sababu ya kuwa wa kwanza kuharibu.

Kwa hiyo mji ule ulikuwa na pande mbili. Mbele kulikuwa kwa mzee: kibaraza, kiti chake, redio yake na gari lake. Ubavuni, kwenye jiko la mianzi, kulikuwa kwa wanawake. Mama mkwe, Marta, ndiye aliyevuka huku na huku, akibeba sahani na salamu.

Na Marta naye alikuwa mpenzi wa habari! Jioni wakikaa jikoni na Tusajigwe, na jirani yao Anyisile akija na kibuyu cha visingizio, jiko lilichemka kwa vicheko kuliko sufuria. Kisha mzee angekohoa huko nje, kuashiria kwamba anapita kwenda kuchukua maji. Papo hapo kimya. Sentensi inakatika katikati kama uzi. Ijumaa ile Tusajigwe alikuwa anawasimulia habari ya fundi cherehani wa mjini aliyechanganya suti za mabwana harusi wawili, mmoja mwembamba kama fimbo na mwingine Mungu alimjalia.

"Basi yule mnene," akasema Tusajigwe, "akaifungua ile suti asubuhi ya harusi, wapambe wamesimama, gari linapiga honi nje..."

Koh! Koh!

Suti ikaishia hapo. Na mzee alipokwisha kupita, hamu nayo ilikuwa imekwisha kupita.

Kilichomuuma Tusajigwe ni hicho kimya. Kujificha alikwisha kukuzoea. Nelson, mumewe, alifanya kazi Mbeya na kurudi mwisho wa mwezi, na alipomlalamikia alimjibu, "Mzee anakuheshimu, mke wangu. Hiyo ndiyo heshima yenyewe."

"Heshima gani ya kununiana na mtu ambaye hamjagombana?"

Lakini alinyamaza, maana Marta alikwisha kumsimulia yule mkwe wa upande wa Ipyana ambaye siku moja, kwa hasira, alimjibu baba mkwe wake ana kwa ana. Alirudishwa kwao, na hakupokewa tena mpaka ndugu zake walipoleta ng'ombe wa kuomba radhi. Tusajigwe alipiga hesabu za ukoo wake kimoyomoyo. Kwa mama yake, ng'ombe pekee aliyekuwepo alikuwa kwenye picha ya kalenda.

*

Jumamosi asubuhi Marta alitoka kwenda gulioni na Tusajigwe alikuwa aende naye. Ila kiatu kipya kilikuwa kimemchubua kisigino, na maharage yalikuwa motoni. Marta akamwambia abaki, atakwenda na Anyisile. Anyisile, ambaye hajawahi kutoka nyumbani bila kuazima kitu, akaazima kitenge cha Tusajigwe, kile cha kijani chenye mikia ya tausi.

Mzee Hezroni, kibarazani, akaona kwa mbali wanawake wawili wanashika njia ya gulioni, mmoja ni mkewe na mwingine kitenge cha tausi. Akajua mji uko mtupu.

Jambo hilo lilimfaa sana, kwa sababu alikuwa na kazi. Mkonga wake ulikuwa unalia. Mkonga ndilo gari lenyewe: lile la magurudumu manne yote kuvuta, zito kama kinu cha mpunga, lenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mpaka juu ya paa kama mkonga wa tembo. Lilikuwa limebeba kila kitu cha Ngonga: magunia, maharusi, wagonjwa, na mara moja fahali aliyegoma kushuka. Kesho yake lilitakiwa kubeba kwaya kwenda Matema. Lakini juu ya gurudumu la nyuma la kushoto springi ilikuwa inapiga kelele, bolti imelegea.

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Uwanja wa mbele ulikuwa tope la kukanyaga na kuacha kiatu. Mzee akazunguka mji akitafuta pakavu, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aoe akafika ubavuni, upande wa jiko, bila kukohoa. Akakuta ua umeinuka kidogo, umefagiliwa, umesiribwa vizuri kwa udongo, laini kama meza. Akapiga kisigino chini. Pakagonga.

"Hapa ndipo," akasema. Akaenda kulichukua gari.

Ndani ya jiko, Tusajigwe alisikia mngurumo ukisogea, ukasogea zaidi, mpaka mianzi ikatetemeka. Akachungulia kwenye upenyo. Tairi lilikuwa pale, hatua chache kutoka mlangoni, na mlango ulikuwa mmoja tu. Mzee akashuka akiwa na fulana ya ndani, akipiga mluzi wimbo wa kwaya.

Tusajigwe akarudi nyuma, akakaa kwenye kigoda, akajifunika kanga usoni ingawa hakuna aliyekuwa anamwona. Atoke, watakutana uso kwa uso. Akohoe, mzee atajua kwamba amevamia upande wa mkwe na aibu itamwua. Akaamua kufanya asichowahi kukifanya maishani: kukaa kimya kwa hiari yake.

Mlio wa pikipiki. Alikuwa Hamza, mfanyabiashara wa mchele na kakao kutoka mjini, rafiki wa mzee wa siku nyingi. Kwao ni pwani, lakini amekula ndizi za Kyela mpaka amesahau ladha ya nazi. Alikuwa amepakia jeki nyuma, ile fupi nene ya mafuta, na ubao.

"Mzee Hezroni! Leo umehamia jikoni? Mama Nelson amekufukuza kibarazani?"

"Mbele ni bwawa, bwana Hamza. Labda ungeniletea mtumbwi."

"Ningejua ningekuja na nyavu."

Wakacheka. Tusajigwe naye akacheka, ndani ya kanga, bila sauti.

Wakaanza kazi, na kwa kweli waliianza vizuri. Mzee hakuwa mgeni wa magari. Akavuta breki ya mkono, akatia gia, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Akashika wili spana, akalegeza nati gari likiwa bado chini, maana ukilinyanyua kwanza ndipo ulegeze, unatikisa mlima uliosimama kwa mguu mmoja. Hamza akauleta ubao.

"Weka huu chini ya jeki."

"Wa nini? Hapa pagumu kama saruji. Ubao utateleza tu."

"Mzee, gari hili ni zito."

"Na mimi ni mzito, nimepakanyaga. Piga jeki."

Hamza akapiga jeki chini ya ekseli. Gari likapanda. Wakatoa gurudumu, wakaliegemeza ukutani kwa jiko, upande wa pili wa kichwa cha Tusajigwe. Bolti ya springi ikaonekana, lakini huwezi kuifikia vizuri bila kuingia chini.

"Subiri," akasema Hamza. "Usiingie hapo gari likiwa juu ya jeki peke yake. Naenda gereji kwa Wilson, niazime stendi za chuma. Narudi sasa hivi."

"Tuweke tofali."

"Tofali za kuchoma? Zile zinapasuka kama maandazi. Nimekwambia subiri, mzee. Niahidi."

"Nenda, nenda. Nitasubiri."

Pikipiki ikaondoka. Tusajigwe akashusha pumzi. Watu wazima, wenye akili zao. Angengoja mpaka wamalize, kisha dunia ingerudi mahali pake.

Mzee akangoja. Akafuta jasho. Akafuta wili spana. Akamaliza wimbo wa kwaya na kuanza mwingine. Kisha akainama kuitazama bolti. Ilikuwa pale pale, karibu, nayo inamtazama. Mkono tu. Mkono na bega kidogo.

"Kidogo tu," akajisemea, akalala chali, akaanza kujisukuma chini ya gari.

*

Kulikuwa na kuku. Kuku huyo alitoka kwa mama yake Tusajigwe, zawadi ya kuanzia maisha: mweupe, shingo tupu haina unyoya hata mmoja, nyekundu kama iliyochomwa na jua, na hana adabu. Alikuja pale kwenye jeki akaanza kufukua. Akafukua kwa mguu huu, akafukua kwa ule, akadonoa.

"Shii!" akasema mzee kutoka chini.

Kuku akasogea kidogo, akarudi, akafukua palepale.

Tusajigwe akamtazama kupitia mianzi, na mwanzoni akamwonea aibu tu. Kisha akajiuliza: kuku anatafuta nini kwenye ardhi iliyosiribwa? Funza hawakai kwenye udongo mkavu. Funza hukaa kwenye...

Akasimama.

Shimo la ndizi! Yeye na Marta walikuwa wamechimba shimo pale uani, kina cha kufika kiunoni, kwa sababu nyuma ya jiko chini ya migomba kulikuwa kumelowa. Wakatandika majani makavu ya migomba, wakapanga mikungu, wakafunika, wakavundika. Juzi ndizi zilipoiva wakazitoa. Na yeye Tusajigwe, aliyetumwa kufukia, aliona uvivu kutoa majani yote. Aliyaacha mlemle, akarudishia udongo juu, akakanyaga, akasiriba, akafagia mpaka Marta akamsifu. Juu saruji, ndani godoro.

Alidhani shimo liko huku zaidi, karibu na mlango. Sasa gari lilikuwa limemharibia vipimo. Lakini kuku hakukosea. Kitako cha jeki kilikuwa kimeinama upande mmoja, na udongo uliosiribwa ulikuwa umepata ufa mwembamba ukikizunguka, kama ufa kwenye ganda la yai.

Mabega ya mzee yalikuwa yamekwisha kuingia chini.

Mama mkwe yuko gulioni. Hamza yuko njiani. Nelson yuko Mbeya. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutumwa, na mdomo uliokuwepo ulikuwa mmoja tu, wa mtu asiyeruhusiwa kuutumia. Tusajigwe akamwona yule ng'ombe wa kwenye kalenda. Akamwona pia Nelson akishuka kwenye basi na kuambiwa. Akageuka, akaupa ukuta wa nyuma uso wake ili asimtazame mzee, akavuta pumzi ya kufika tumboni.

"Wewe kuku!" akapaza sauti.

Nje, mluzi ukakatika.

"Wewe kuku usiye na adabu, toka hapo! Unafukua nini? Hujui kwamba hapo ni shimo la kuvundikia ndizi? Tumelifukia juzi tu na majani yake yote ndani! Hapo hapana ardhi, kuku wangu, hapo ni godoro la majani! Na hicho chuma ulichokisogelea kimekwisha kuanza kuzama, nakiona kimeinama! Toka kuku, toka polepole, usiguse kitu, usije ukafunikwa bure mtoto wa watu!"

Kimya. Kimya kile kile cha kila jioni, ila sasa kilikuwa kizito kama gari lenyewe. Maharage yakaendelea kuchemka, hayana habari.

Kisha sauti ya mzee ikatoka chini, tulivu, yenye heshima zote, ikisema na ekseli.

"Haya, gari. Nimesikia. Usitikisike. Natoka."

Akatoka kidogo kidogo, kisigino na mgongo, kisigino na mgongo, bila kugusa chuma. Tusajigwe alihesabu mikwaruzo ya fulana kwenye udongo mpaka akasikia magoti yakilia: mzee amesimama.

"Gari," akasema mzee, akipumua kwa nguvu, naye amelipa jiko mgongo, "hivi shimo hilo limeanzia wapi?"

"Kuku, limeanzia hapo kwenye jeki, linakuja mpaka huku mlangoni. Huko kwenye mpera ni ardhi ya Mungu tu, hapajachimbwa."

"Na wewe gari, sasa utaniangukia. Ngoja nikuwekee kitu uangukie."

Hapo udereva wake ulimrudia. Akaenda ukutani akalichukua lile gurudumu walilolitoa, akalilaza kifudifudi, akalisukuma kwa fimbo ndefu ya kuangulia maparachichi mpaka likaingia chini ya chasisi. Mkono wake mwenyewe ulibaki nje. Alipomaliza akarudi nyuma, akasimama na kungoja.

Hakungoja sana. Ufa ukazunguka jeki yote. Kitako kikazama upande mmoja, jeki ikalala, na mkonga ukashuka taratibu, kama ng'ombe anavyopiga magoti kabla ya kulala. Ukakaa juu ya gurudumu, ukalia mara moja, ukatulia. Kutoka kwenye ufa ikapanda harufu tamu ya majani ya migomba na ndizi zilizoiva, harufu ya sherehe kabisa.

Bega la mzee lingekuwa pale. Wote wawili walilijua hilo, kila mmoja akitazama upande wake.

Kisha mzee akakohoa, kikohozi kidogo tofauti na kile cha jioni.

"Kuku," akasema, akishukuru kwa Kinyakyusa, na safari hii hakupitia kwa gari. "Ndaga. Ndaga fijo."

Tusajigwe akakaa chini kwenye kigoda, akalia kidogo. Moshi ulikuwa mwingi.

*

Hamza aliporudi na stendi zake za chuma alisikia mazungumzo kabla hajazima pikipiki.

"...na kuku, mwambie aliyelifukia kwamba alifagia vizuri mno."

"Kuku, aliyelifukia anasema aliona uvivu, na anaomba asisemwe kwa mama."

"Kuku, hasemwi."

Hamza akavua kofia ngumu. Akaona gari limepiga magoti, akaona mzee amesimama kando ya mpera akiwa ameupa mji mgongo, akaona kuku anakula funza kwenye ufa kama mwenye shamba.

"Mzee Hezroni, unaongea na nani?"

"Na kuku."

"Na anajibu?"

"Anajibu vizuri kuliko wewe. Wewe uliniambia habari za ubao, lakini habari za shimo hukunipa."

Sauti ikatoka jikoni: "Kuku, msalimie bwana Hamza."

Hamza akatazama jiko, akamtazama mzee, akaelewa. Akashika tumbo. Akacheka mpaka akakaa kwenye ubao wake.

"Wallahi ninyi Wanyakyusa! Mimi si nipo? Semeni kupitia kwangu!"

"Wewe," akasema mzee, "utaongeza chumvi. Kuku haongezi."

Wakaanza upya. Wakatandika mbao mbili nene kuvuka shimo lote, ncha zake zikalala kwenye ardhi ngumu huku na huku, jeki ikakaa juu yake. Wakalinyanyua gari kwa kiasi cha kulivuta lile gurudumu, wakalirudisha mahali pake, wakakaza nati, na muda wote huo hakuna aliyetia hata kidole chini. Kisha mzee akaliendesha mpaka kwenye mpera.

"Kuku, hapo vipi?" akauliza.

"Kuku, songa kidogo tena. Hapo hapo. Hapo hata mizizi ipo."

Breki ya mkono. Mawe. Nati zikalegezwa gari likiwa chini. Ubao ukawekwa chini ya jeki, na safari hii mzee mwenyewe ndiye aliyeuomba. Gari likapanda, stendi zikaingia chini ya ekseli, jeki ikashushwa kidogo mpaka uzito ukakaa kwenye chuma. Hamza akausukuma mkonga kwa bega, akausukuma tena kwa mgongo. Haukutikisika. Ndipo mzee alipoingia, akaikaza bolti kwa raha zake huku akiimba, na Hamza akibishana naye kuhusu bei ya kakao. Mara moja moja kuku aliulizwa maoni yake.

*

Marta na Anyisile walirudi jua likiwa limeanza kulainika. Mzee alipokiona kitenge cha tausi kikimpita na uso wa Anyisile juu yake, alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

Marta akalikuta shimo limebonyea, akamkuta Hamza anakunywa chai, akaambiwa yote na Hamza, kwa chumvi yote. Akaingia jikoni mbio, akamshika Tusajigwe mabega.

"Ulimsemesha?"

"Nilimsemesha kuku, mama."

"Kuku peke yake?"

"Kuku peke yake. Nilitazama ukuta."

Marta akachungulia nje, kule mbele, kupima hali ya hewa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, redio imezimwa, anatazama mkonga. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Marta akamrudia mkwe wake, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mwiko ukaanguka.

"Basi leo hatuli maharage matupu," akasema akijifuta macho. "Bwana Hamza ni mgeni, na Mungu ametuonea huruma. Nachinja kuku."

Akatoka na kisu, akamkimbilia aliye karibu, aliyeshiba funza mpaka hawezi kukimbia. Akamdaka. Shingo tupu nyekundu ikajitokeza kwapani mwake.

"Huyo usimchinje!"

Sauti mbili zilitoka kwa pamoja, moja kibarazani na moja jikoni, zikagongana katikati ya ua juu ya kichwa cha Marta.

Hamza akashusha kikombe. Anyisile, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, alikufa kwa hamu.

"Sasa," akasema Marta polepole, akitazama huku na kule, "mmeongea au hamjaongea?"

Marta akamwinua kuku mpaka usawa wa uso wake.

"Wewe, wameongea?"

Kuku akasema neno lake moja.

"Mwachie huyo," mzee akasema kutoka kibarazani, akiwasha redio yake. "Kesho ana kazi."

Akachinjwa jogoo. Wakala, Hamza akafungiwa ndizi za kupeleka kwake, na giza lilipoanza kuingia jiko lilikuwa limejaa: Marta, Anyisile bado na kitenge cha watu, na Tusajigwe akisimulia siku yote upya, akiigiza sauti ya kila mmoja, na ya jeki.

Koh! Koh!

Wakanyamaza. Mazoea ni mazoea. Vicheko vikamezwa, macho yakaenda chini, na hatua za mzee zikapita kuelekea kwenye maji. Wakasikia kata ikizama kwenye ndoo. Wakasikia hatua zikirudi, kisha zikasimama upande wa pili wa ukuta wa mianzi, palepale lilipokuwa limeegemezwa gurudumu.

"Kuku," ikasema sauti ya mzee, kwa unyenyekevu wa mtu aliyengoja sana, "ile suti ya jana. Yule mnene. Hatimaye ilimwingia?"

Marta akafungua mdomo. Anyisile akashika kifua. Tusajigwe akageuza kigoda chake, akaupa ukuta uso na mlango mgongo, akakunja kanga magotini kama mtu anayejiandaa kwa kazi ya usiku kucha.

"Kuku," akasema, "vuta kiti."